Ulimi Niliomficha Mama

Nilipokuwa msichana Kabambare, mtu akiniuliza nimeamkaje alijibiwa na mama yangu. Akiniuliza bei ya mikate niliyoikaanga kwa mikono yangu, alijibu mama. Nikiugua, mama ndiye aliyesema ninaumwa wapi. Nilikuwa nimeshavunja ungo siku nyingi, wenzangu wa rika moja wamebeba watoto mgongoni, na mimi bado nimesimama nyuma ya bega lake. Sikuwa bubu. Nilikuwa na maneno mengi, tena makali, maana hasira nilizaliwa nazo. Ila maneno hayo yakifika mdomoni yaligeuka uji. Ulimi wangu ulishikwa chini na kamba ya nyama, fupi na ngumu, iliyoanzia karibu na ncha. Haukuinuka kugusa kaakaa wala haukutoka kupita meno. Watoto wa jirani waliniiga nikipita, na sikuwalaumu sana. Hata mimi ningejiiga.

Chanzo chake nilikisikia kwa shangazi, dada wa marehemu baba yangu, ambaye aliishi Kasongo na alikuja kututembelea mara moja moja. Shangazi hana kifua, ukimwambia siri ujue umeitangaza. Alinieleza kwamba kwetu mtoto akizaliwa, kabla hajapewa ziwa, mkunga hupitisha kidole chini ya ulimi wake. Akiikuta kamba huikata pale pale kwa wembe, kisha husugua chumvi. Kaka yangu, aliyenitangulia, alikatwa hivyo. Haikupita muda taya zake zikakaza, akashindwa kunyonya, akafa kabla hajapewa jina. Nilipozaliwa mimi, mkunga yule yule alinyoosha kidole, na mama akanikumbatia kifuani akakataa kunitoa. Walimbembeleza, wakamsema, wakamtisha kwamba nitamlemea maisha yake yote. Alikataa mpaka wakachoka.

Kwa hiyo nilikua nikijua kwamba sisemi kwa sababu ya mama, na kwamba ninapumua kwa sababu ya mama. Wewe jaribu kumkasirikia mtu wa namna hiyo. Mimi nilijaribu, hasa nyakati zile wachumba walipokuja, wakakaa, wakala wali wetu, wakaniuliza neno moja la adabu, kisha wakaaga na wasirudi. Usiku nilimkasirikia mama, asubuhi nilimkuta ameshaniteleka maji ya kuoga.

Serikali ya Wabelgiji ilikuwa ikitupanga mstari kila mwaka kwa ajili ya malale. Watu wa Kabambare yote tulisimama juani mbele ya ofisi, wanawake upande huu na wanaume upande ule, na waganga walipita wakitubonyeza shingo kutafuta tezi zilizovimba. Mwaka huo muuguzi aliyefika kwangu alikuwa kijana wa Kasongo, mpole, mwenye vidole baridi. Akaniuliza jina langu. Mama, aliyekuwa mbele yangu, akageuka akamtajia. Muuguzi akasema amemuuliza huyu, si wewe mama. Nikasema jina langu. Akanitazama, akaniambia nifumbue mdomo, niinue ulimi. Ulimi haukwenda popote. Akamwita daktari Mzungu, naye akainama akachungulia, akasema neno moja kwa Kifaransa na kupita kwenda kwa mwingine. Muuguzi akanitafsiria kwa sauti ya chini kwamba jambo hili ni dogo, nije hospitali ya Kasongo, nitakatwa na kurudi nyumbani.

Mama alisikia. Alinishika mkono akanitoa mstarini kabla jina langu halijaandikwa. Tulipofika uani akasema kwamba wembe ni wembe, uwe wa mkunga uwe wa Mzungu, na kwamba hana mtoto mwingine wa kuzika. Niliitikia kwa kichwa. Moyoni nilikuwa nimeshafika Kasongo.

Niseme wazi jinsi nilivyofanya, kwa sababu hapo ndipo dhamiri yangu ilipoanza kuniuma na haijaacha. Shangazi alikuwa ametuma salamu kwamba binti yake amejifungua. Hakuomba msaada, nyumba yake ilikuwa imejaa wanawake. Mimi nilimwonyesha mama, kwa mikono na kwa uji wangu, kwamba ninaitwa kwenda kusaidia kulea mzazi. Mama aliamini mara moja. Ulikuwa wakati wa kuvuna pamba, ile pamba ya lazima ambayo kila nyumba ilipimiwa shamba lake, na alijua ataivuna peke yake. Akasema nenda, mzazi ni mzazi. Siku ile ile alikwenda ofisini kuniombea karatasi ya ruhusa ya kusafiri. Alisimama mbele ya karani akanisemea, akasisitiza kwamba mtoto wake anakwenda kwenye heri. Akamfunga kuku miguu na kumimina mchele mpya kwenye kikapu, zawadi ya mzazi. Nilipanda juu ya lori la pamba nimekaa kwenye magunia, kuku mapajani, na mama amesimama barabarani akiwa na vidole vilivyochanika kwa maganda ya pamba. Sikuweza kumtazama usoni. Nilimtazama kuku.

Shangazi nilipomweleza alicheka mpaka akaketi chini, kisha akanipeleka hospitali mwenyewe, akiwa amevaa kanga yake mpya kana kwamba ni mimi ninayeolewa. Tulingoja kwenye baraza la upande wa watu weusi tangu alfajiri. Nilikuwa nimejitayarisha kufa. Kweli, nilioga vizuri, nikasoma sura fupi nilizozijua, nikazisoma vibaya kama kawaida yangu, nikamwomba Mungu azitengeneze mwenyewe huko juu.

Waliniketisha kwenye kigoda. Muuguzi yule wa vidole baridi alinishika kichwa kwa nyuma. Daktari alinichoma sindano chini ya ulimi, akangoja, akaingiza mkasi mdogo. Nilisikia sauti yake zaidi ya kuusikia wenyewe. Damu ilikuwa kidogo, haikujaza hata kitambaa alichonipa. Akatia uzi, akafunga, akanawa mikono. Mtu niliyemwacha akimenya ndizi pale barazani nadhani alikuwa bado hajamaliza kuila. Daktari akasema kitu kwa muuguzi, wote wawili wakatabasamu, na muuguzi akanitafsiria kwamba daktari anashangaa mama gani alimwacha mtoto wake hivi mpaka ukubwani.

Nililia pale. Muuguzi alidhani ganzi imeanza kuisha, akanipapasa bega. Haikuwa hivyo. Nilimwona mama akinishika kifuani na wakunga wamemzunguka, nikawaza miaka yote ile, na wachumba, na maswali yote aliyoyajibu kwa niaba yangu, na hofu aliyoibeba peke yake. Kitu chenyewe kilikuwa kidogo namna hii. Nilimwonea mama uchungu, na papo hapo nilimwonea hasira. Nikatamani mkasi ungeniumiza zaidi, ili angalau hofu yake iwe na thamani.

Muuguzi alinifundisha mazoezi. Nipake asali juu ya mdomo wa juu nilambe, nipake pembeni nilambe, kila siku, la sivyo kidonda kitashikana tena. Shangazi alisimamia asali hiyo kwa bidii, akilambalamba na yeye. Mwanzoni maneno yalitoka vilevile, maana ulimi uliofunguliwa haujui pa kwenda. Nilikaa nyuma ya jiko nikiusukuma huku na huku, nikitaja vyombo, nikitaja majirani, nikiwatukana polepole ili nisikie herufi. Kabla mavuno ya pamba hayajaisha nilikuwa nikisema kama watu. Shangazi alianza kulalamika kwamba amejiletea kasuku.

Siku moja tulikwenda arusini. Wanawake walipopiga vigelegele bwana arusi alipoingia, nami nikafungua mdomo na kigelegele kikatoka, kirefu, chembamba, safi. Kama umekipiga tangu utoto huwezi kujua. Maisha yangu yote kwenye sherehe nilipiga makofi tu. Walinitazama, wakacheka kwa furaha, nikapiga tena na tena. Kisha katikati ya hicho cha mwisho nikamkumbuka mama yuko shambani, akijaza gunia peke yake, na sauti ikanikauka. Fundi cherehani mmoja, kijana wa pale mjini, alimwuliza shangazi huyo mwenye kigelegele cha kukatika ni nani. Hayo nayo yatakuja.

Nilirudi Kabambare nimepanga vizuri. Nitashuka kwenye lori, nitamwamkia mama kwa maneno kamili, shikamoo mama, umzima, pamba imekwendaje. Nilifanya mazoezi ya sentensi hizo njia nzima mpaka utingo akaniuliza kama ninasoma dua. Mama alikuwa amesimama barabarani na jirani mgeni, mke kijana aliyekuwa ameletwa mtaani kwetu nilipokuwa sipo, tumbo lake kubwa. Kabla sijafungua mdomo, mama alinishika bega akamwambia yule mwanamke, kwa Kiswahili chetu cha huko, ambamo "njo" ni "ndiyo", na kwa sauti ambayo wengine huitumia kutaja kwamba baba yao alihiji:

"Huyu njo mutoto yangu. Nilimukatalia wembe, njo maana iko muzima."

Yule mke kijana akanitazama kwa heshima, akashika tumbo lake. Mama akageuka kwangu uso ukimwaka, akaniuliza safari ilikuwaje. Nikabana ulimi chini, nikamjibu kwa uji.

Sikupanga. Wallahi sikupanga. Lakini nilipokwisha kujibu mara moja ilikuwa vigumu kujibu vingine kesho yake, na kesho kutwa ilikuwa vigumu zaidi. Mama hakuwa na mali, hakuwa na mume, hakuwa na mtoto wa kiume. Alikuwa na jambo moja maishani alilolifanya dhidi ya watu wote na likawa sawa, nalo lilikuwa mimi. Ningemwambiaje kwamba lilikuwa kazi ya mkasi mmoja na kitambaa ambacho hakikujaa? Kwa hiyo nikawa na ndimi mbili. Nyumbani nilisema kwa ule wa zamani, nikiukandamiza kwa makusudi, na nikawa fundi wa kilema changu kuliko nilipokuwa nacho kweli. Mama akiwa shambani, nilikwenda sokoni na sinia la mikate, na huko nilisema. Nilipatana bei, nilitania, niligombana. Kuna mchuuzi wa samaki wakavu nilimpasha siku moja mpaka watu wakasogea kusikiliza. Niliwaomba wanawake wa sokoni wasimwambie mama, wakaitikia haraka mno. Kabambare haijawahi kutunza siri, na mimi kwa ujinga wangu niliamini inatunza ya kwangu.

Mbaya zaidi ni kwamba jioni, mama akiendelea kunisemea kama zamani, nilianza kukereka. Mgeni akiniuliza jambo na mama akajibu, nilisikia jibu langu mwenyewe limekaa mdomoni, zuri kuliko lake, nikalimeza. Nilimfichia kwa huruma, halafu nikamnunia kwa sababu nimemfichia. Mara nyingine alinikazia macho, kijiko mkononi, kama anayesubiri. Nikaondoka kwenda kuteka maji.

Yule fundi cherehani alituma wazee wake. Dada yake alikuja mbele kuniona, akanikuta nyumbani mbele ya mama nikisema uji, na nilimwona akishangaa, maana kaka yake alimweleza binti mwenye maneno. Nilimvuta kando nyuma ya jiko nikamweleza yote kwa ulimi safi. Akasema hajaona nyumba yenye mapenzi mabaya kama hii, kisha akasema posa inaendelea.

Arusi ilifanyika kwetu. Baba mdogo alitoka Kasongo kuja kuniozesha, kwa kuwa baba hayupo. Wanaume waliketi uani na mwalimu wa chuo cha Kurani, na mimi chumbani, nimefunikwa, mama upande mmoja na shangazi upande mwingine, wanawake wamejaa mpaka mlangoni. Wengine husema mwari akinyamaza amekubali. Mwalimu wetu hakutaka hilo. Yeye alituma mashahidi waje nyuma ya pazia wasikie kwa masikio yao, bibi arusi aseme mwenyewe kwamba amempa baba yake mdogo idhini. Alisema katika nchi hii wasichana wengi wameozwa kwa midomo ya watu wengine.

Mashahidi wakaja, wakauliza. Nilingoja mama ajibu. Ninaona haya kusema hivyo, lakini nilingoja. Maisha yangu yote alijibu. Safari hii alikaa kimya, mikono mapajani. Nikafungua mdomo nikajibu kwa ulimi wa nyumbani. Nyuma ya pazia wakanong'onezana. Shahidi mmoja akasema kwa adabu kwamba hawakuelewa, tafadhali bibi arusi arudie. Nikarudia, uji uleule, jasho likinitiririka chini ya ushungi. Wakasema bado. Nikasikia wanawake wameacha kupepea. Kama mashahidi hawakusikia, mwalimu hafungi ndoa. Nilimjua mwalimu.

Mama akanisogelea. Hakupaza sauti, ila chumba kilikuwa kimya na kila mtu alisikia.

"Sema na ulimi yako," akasema. "Ile yenye unasemaka nayo ku soko. Niliisikiaka zamani."

Nilisema. Nilimpa baba mdogo idhini kwa herufi zilizokamilika, mashahidi wakarudi uani wameridhika, na wanawake wakapiga vigelegele vyao. Mimi sikupiga. Nilikuwa nimemshika mama kifundo cha mkono kwa nguvu.

Baada ya chakula, watu wa Kasongo wakipakia vitu kwenye lori, mama aliingia kunifunga mizigo. Shangazi alitoka mwenyewe, jambo ambalo sijawahi kuliona tena kwake. Mama alinieleza huku akikunja kanga zangu, bila kunitazama. Habari alizipata wiki ile ile niliyorudi. Tangu hapo kila siku ya soko alitoka shambani mapema, akatua kuni zake nyuma ya ghala la pamba lililopakana na soko, akaketi akinisikiliza mpaka nimalize kuuza. Kisha alipita njia ya mtoni ili nimkute ameshafika nyumbani. Aliyasikia matusi ya samaki. Alisema alicheka peke yake mpaka akaogopa ataonekana.

Nikamtazama, naye akajua ninauliza kwa nini hakuniambia. Akasema nilimficha, akafikiri nina sababu yangu.

Miezi yote ile nilidhani ninamlinda. Watu waliokuja kununua mkate mmoja walinisikia bure, na mama yangu mwenyewe alilazimika kuiiba sauti yangu nyuma ya ukuta. Nilitaka kumwomba radhi. Nilikuwa na ulimi wa kufanya hivyo, na maneno hayakuwepo. Uani dereva alikuwa anatuita.

Mama akamaliza fundo la mwisho. Ndipo akaniinulia kidevu, akanifumbua mdomo kwa kidole gumba jinsi unavyomfumbua mtoto mchanga, akatazama chini ya ulimi, mahali penye kovu.

"Iliuma?" akauliza.

Nilimwona anangoja. Nilijua anauliza nini. Alikuwa akiniuliza kama alikuwa na haki ya kuogopa.

"Iliuma sana, mama," nikasema, kila herufi mahali pake. "Damu ilitoka mingi. Nilifikiri nitakufa."

Hilo ndilo jambo la kwanza nililomwambia mama yangu, mimi na yeye tu, kwa ulimi uliofunguliwa. Aliachia kidevu changu, mabega yake yakashuka.

"Nilijua," akasema. "Njo maana nilikatala."

Akanirudishia ushungi kichwani, akabeba kikapu kikubwa yeye mwenyewe, akanitangulia kwenda kwenye lori.